Sauti ya Anyitike

Dereva wa lori alichomeka flashi kwenye spika ya kibanda cha Anyitike, DJ anayewachanganyia madereva muziki pale mpakani Kasumulu.

Spika ikalia: "DJ Anyitike hapaaa! Songwe mpo?"

Kidole cha Anyitike kiliganda juu ya kitufe. Sauti ilikuwa yake, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Ila miksi hiyo hakuitengeneza yeye. Alishasikia kwamba kompyuta siku hizi zinaiga sauti za watu, hakudhani zingemfikia.

"Umeitoa wapi hii?"

"Inazunguka kwenye simu, kaka. Zile zako za zamani zilishatuchosha, lakini hapa umeua! Nirekodie nyingine haraka, foleni inasogea."

Anyitike akavuta maiki.

"DJ Anyitike hapaaa!"

Dereva akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo, kaka. Weka ile sauti yako."