Vidonge Vilivyokatwa kwa Mkasi

Kijikaratasi cha kupimia mkojo kilikuwa kimegeuka kahawia iliyokolea, na fundi cherehani alijua maana yake kabla hajaambiwa. Sukari ndiyo iliyosababisha dada yake akatwe mguu, na cherehani ya fundi mwenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu.

"Sukari ni nyingi, mama," mpimaji wa zahanati alisema. "Ila damu ya kidole inasoma tano nukta mbili, na hiyo ni ya kawaida kabisa. Unakunywa dawa gani?"

"Za presha tu, mwanangu."

"Hebu nizione."

Fundi alimimina mezani vipande vidogo vya maganda ya kung'aa, kila kimoja na kidonge ndani. Kila Jumapili huvikata vidonge kwa mkasi wa kazi, kimoja kimoja na ganda lake, ili asipoteze hesabu ya siku. Kwa hiyo hakuna jina la dawa lililobaki zima.

Mpimaji aliinama, akavisogeza vipande kwa ncha ya kalamu, akajaribu hiki na kile, hadi kingo mbili zikakutana na herufi zikasomeka.

"Na hii?"

"Daktari aliniongezea mwezi uliopita. Alisema italinda moyo na figo."

Mpimaji akacheka. "Huyu ndiye mchawi wako! Hii huitoa sukari kwenye damu na kuimwaga kwenye mkojo. Endelea nayo, mama. Nami nitamwandikia daktari."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama mpimaji vizuri.

"Koti lako limefumuka begani, baba. Livue, uzi ninao."