Vifyatulio Viwili

"Kitako ng'oa, weka kipya. Jina la mzee futa," kaka mtu aliagiza, akiitua mezani kwa fundi bunduki ya marehemu baba yao, ya mitutu miwili.

"Mbao hiyo imelainishwa na shavu la baba," mdogo wake akafoka. "Iguse, tutaonana wabaya!"

"Na vifyatulio?" fundi aliuliza, kashachoshwa nao. "Nikuachie viwili, au kimoja?"

Akaikagua bunduki, akaikuta tupu, akampa kaka mtu apime bega: afumbe macho, aiinue, kisha afumbue.

Alipofumbua, mitutu ilimwelekea mdogo wake kifuani. Hakuishusha. Kidole kikavuta kifyatulio: ta!

Kidole kikarudi nyuma kidogo, kikavuta cha pili: ta!

"Niachie viwili."