Mahojiano Mazima

Juzi redio ilitoa kipande cha mahojiano na kutangaza kwamba wataalamu wamesema mkorosho mgonjwa ukatwe, na Somoe akaanza kukata mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Leo tulijaa barazani kwake, Mpapura, kumpa pole, redio ikarudia mahojiano yale, safari hii mazima.

“Tumejaribu miti sita tu,” mtafiti akasema. “Bado hatujui kama kukata kunasaidia. Wakulima wasubiri.”

“Hata mimi na umbea wangu siachi maneno njiani namna hii,” nikasema.

“Shoga, nyamaza.” Somoe alikuwa akikwangua utomvu mweusi kwenye kucha zake.

Kisha akainuka kumzuia kaka yake, aliyekuwa nyuma ya nyumba akikata mti wa mwisho kwa msumeno. Hajafika pembeni mwa ukuta, msumeno ukanyamaza, tukasikia mti ukilala.