Fomu Isiyohifadhi Kitu

"Nimekata matimba ya duara la Masele. Wakishuka leo hawatapanda. Mungu anisamehe."

Boaz aliusoma ujumbe huo kwenye simu, akaiacha chai mezani na kuanza kutafuta viatu. Matimba ndiyo magogo yanayozuia udongo usiwaangukie waliomo duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu. Yakikatwa, hakuna cha kusubiri. Hata hivyo, alipopata viatu alikaa tena kitandani. Angewaambiaje watu kwamba amejua?

Maana hakuandikiwa yeye. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwenye fomu ya kanisa, na fomu ile hakuna binadamu aliyetakiwa kuisoma.

Aliitengeneza mwenyewe. Katekista Melania alikuwa ameona wachimbaji wa Mwakitolyo wanabeba mizigo mioyoni na wanaona haya kuisema uso kwa uso. Akamwomba Boaz, fundi kompyuta pekee senta nzima, atengeneze ukurasa wa mtandaoni wa kumwambia Mungu. Fomu nyingi huwa zimeunganishwa na jedwali la kumbukumbu kwa nyuma, kila kisanduku na mahali pake pa kutunzwa. Hii isiunganishwe na kitu. Mtu anaandika bila jina, fomu inahakikisha hajaacha patupu, inamjibu "Umesikika", na maneno yanapotea moja kwa moja.

"Hata wewe huwezi kuyaona?" Melania alimuuliza mbele ya waumini wote.

"Hata mimi, mwalimu."

Alipokuwa anaijaribu, aliweka mstari mmoja wa kumletea nakala kwenye simu, aone kama inafanya kazi. Akasema ataufuta kesho. Kesho yake zikaanza kuingia dhambi za watu, na dhambi za watu ni tamu kuliko karanga. Hakuufuta. Mbaya zaidi, siku moja neno lilimshinda, akamnong'oneza mkewe Rebeka, ambaye kifua hana. Likafika bombani kabla ndoo za asubuhi hazijajaa.

Tangu hapo Boaz hakuimba kwaya kwa raha. Kila alipokutana na Melania aliona aibu, na kila jioni aliapa kuufuta ule mstari.

Sasa akisema, ataitwa mwizi wa siri, na Mwakitolyo hapatakalika. Asiposema, watu watakufa. Alijiona mchafu kwa kule kupima tu. Akatoka mbio.

Alimkuta Masele, mwenye duara, amekaa juu ya kiroba cha mawe, anakunywa uji. Vijana wake walikuwa wamesimama kando, tochi vichwani, kama watu walioambiwa wasubiri kwanza.

"Baba Vumilia," Boaz akamwita Masele kwa jina la mwanawe, "usishushe watu! Matimba yamekatwa!"

"Hata shikamoo hakuna leo?"

"Shikamoo. Yamekatwa, nakwambia!"

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nani kakwambia?"

Boaz akawatazama wale vijana. Wengine alikuwa anaimba nao kwaya. Angeweza kudanganya kwamba amesikia njiani, lakini wangetaka jina, na yeye jina hakuwa nalo.

"Nimesoma kwenye fomu ya kanisa," akasema. "Huwa nazisoma. Zote. Nisameheni, lakini msishuke."

Kijana mmoja aligeuka akatema mate pembeni. Masele alimaliza uji wake taratibu, akapangusa midomo, akawaashiria vijana washuke kazini.

Boaz akaidaka kamba ya kushukia shimoni. "Baba Vumilia, watakufa!"

"Iachie. Matimba ni mazima, nimeyakagua mwenyewe." Masele akamtazama kwa mara ya kwanza, macho mekundu. "Ujumbe ule niliuandika mimi. Nilitaka nimjue aliyepeleka bombani habari ya mdogo wangu niliyoiandika kwenye fomu ile tu, kwamba nilimwacha chini ya kifusi akiniita."