Mhuri Mkobani

Wezi wa mtandao walikuwa wamezifunga kompyuta zote za kampuni ya kahawa pale Addis Ababa, wakaapa kwamba wasipolipwa kabla ya saa sita mchana, wataanika barua pepe za kila mfanyakazi.

"Tuwalipe!" mume wa Tsigereda aliropoka kikaoni, bahili yule anayegombania hata bei ya kitunguu.

"Tuwalipe, jamani," akadakia dada wa mapokezi, machozi yakimlengalenga.

Tsigereda aliwatazama, huyu kisha yule. Yeye ndiye aliyetunza mhuri wa kampuni, na bila mhuri benki haitoi kitu. Wino wa zambarau ulikuwa umemchafua kidole gumba.

"Gonga basi, mke wangu. Unangoja nini?"

Aliutia mhuri mkobani, akavuta zipu taratibu.

"Nangoja saa sita."