Safu ya Nne

Mhandisi aligonga mlango mara tatu, kisha akatamani usifunguliwe.

"Yupo," alisema mwenyekiti wa wakazi, akihema nyuma yake baada ya ngazi za ghorofa nne. "Haendi popote yule. Dirishani na cherehani, cherehani na dirishani."

Tangu wakutane chini mwenyekiti hakuwa amefunga mdomo. Mwekezaji alitaka kujenga jumba la maduka kando ya makutano ya barabara kuu, pale pale magari yanaposhukia mtaani. Wataalamu wake walihesabu magari siku mbili, wakaandika kwamba barabara inatosha na kubaki. Hawakuandika kwamba siku hizo mbili shule zilikuwa zimefungwa. Wakazi wakapiga kelele, halmashauri ikamtuma mhandisi wake akachunguze. Na katika mtaa mzima, mwenye hesabu za kweli alikuwa mmoja tu: fundi cherehani waliyemwita Mama Vifungo, kwa kuwa nguo iliyopita mkononi mwake haikurudi na kifungo kilicholegea.

"Anahesabu tangu bintiye agongwe pale konani," mwenyekiti alinong'ona. "Kitindamimba wake. Dereva hakusimama. Tulidhani mama wa watu amerukwa na akili. Kumbe alikuwa anatuwekea ushahidi!"

Mhandisi hakuuliza ilikuwa lini.

Mlango ulichelewa. Ulipofunguka, alisimama mwanamke mwembamba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mkono mmoja umeshika fremu kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimekusubiri." Akamgeukia mwenyekiti. "Wewe nenda kawaite wajumbe wako. Waje wote."

"Wajumbe wa nini tena? Daftari la hesabu zako si lipo humo ndani?"

"Daftari halitoki kwangu bila mashahidi. Nenda, baba, usikawie."

Mwenyekiti alishuka akinung'unika kwamba magoti yake nayo yangehitaji kufanyiwa uchunguzi.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Cherehani ilitazama dirisha, na dirisha lilitazama kona. Ukutani palikuwa na picha ya msichana anayecheka, mkono umeziba nusu ya kinywa. Palikuwa na viti viwili. Mhandisi alichagua kile kilichoipa picha mgongo.

"Leo kimya kidogo," alisema, ili aseme kitu.

"Subiri saa kumi. Utadhani wamefungulia bwawa."

Akamwekea daftari mapajani. Lilikuwa la nane. Mengine saba yalikuwa yamepangwa chini ya meza. Mhandisi alifungua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yakashuka. Hii ilikuwa lugha yake. Tarehe, saa, safu nne zilizopigwa kwa rula. Magari madogo. Mabasi. Malori. Mwandiko ulikuwa mdogo na wima, kama mshono.

"Mama, hii ni kazi ya watu kumi," alisema. "Wale walisema magari mia tatu kwa saa. Wewe una mia sita na zaidi! Wakiongeza jumba la maduka hapo, kona haitapitika. Watu watakufa."

"Watu wameshakufa."

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa."

Alisema bila ukali, akimmiminia maji. Glasi iligonga jagi. "Uzee," akasema.

Mhandisi aliinama juu ya kurasa. Kazini walimtania kwamba kona ile ameioa. Kila mradi uliogusa makutano yale aliupinga hadi mwisho, akaomba taa, akaomba daraja la waenda kwa miguu, akaandika barua ambazo hakuna aliyezijibu. Hawakujua kwamba hata usingizini huiona.

"Hesabu hizi zitauzima mradi," alisema. "Nakuahidi. Pale hapataongezwa gari hata moja. Ni deni langu."

"Deni lako?"

"La sisi sote. Wahandisi."

Mama Vifungo alimtazama kwa muda mrefu, kama anayempima mtu kwa macho kabla ya kugusa kitambaa.

"Mimi sikuhesabu kwa ajili ya jumba la maduka," alisema. "Wajenge, wasijenge, watajua wenyewe."

Nje, breki zililia, honi ikajibu, kisha vishindo vya miguu mingi vikaanza kupanda ngazi. Mwenyekiti alikuwa amewapata watu haraka. Mhandisi aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Kidole chake kilisimama pembeni.

"Hii safu ya nne sijaielewa. Haina kichwa. Naona alama moja tu, kila asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna. Ni magari ya aina gani haya?"

"Ni gari moja."

"Moja?"

"Pale konani hapana tuta, hapana kibao, hapana shimo. Kila dereva hupita kasi, maana hana sababu ya kufanya vingine. Isipokuwa mmoja. Akifika pale alipoangukia mwanangu hupunguza mwendo mpaka karibu kusimama, halafu huondoka." Alisogea dirishani. Vishindo vilikuwa vimefika mlangoni. "Miaka minane namngojea asimame, nimwone uso."

Akatazama chini, kwenye kivuli cha jengo, mahali mhandisi alipoegesha gari lake.

"Leo amesimama."