Nusu ya Mzee

Kwa miaka arobaini na moja Roselida aliongoza Salamu Maria na mumewe akaitikia. Hata siku moja mzee hakumngoja amalize. Kabla hajafika "amebarikiwa," mzee alikuwa ameshadandia: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

"Mzee, unakimbizwa na nani?" alizoea kumgombeza.

"Foleni ni ya malori ya mpakani Malaba, mama. Mimi sipangi foleni."

Alasiri hiyo, mzee akiwa mgonjwa kitandani, walishika rozari moja. Msalaba ulilala kwenye kiganja cha mzee, ukiwa umeungwa kwenye rozari kwa uzi wa nyavu baada ya kukatika. Roselida akasali polepole mpaka mwisho wa nusu yake: "...na Yesu, mzao wa tumbo lako, amebarikiwa."

Kimya. Leo amemngoja.

Karibu atabasamu, kisha akaangalia shuka kifuani pa mzee. Halikupanda wala kushuka.

Hakumwita mtu. Aliitikia mwenyewe: "Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Siku zote alidhani "sasa" na "saa ya kufa" ni saa mbili tofauti.

Punje zilizobaki aliziongoza na kuziitikia peke yake, mbio mbio, kama anayejaribu kumfikia mtu aliyetangulia njiani.